Pakacha la Maalim

Siku yangu ya kwanza bandarini, Mkuu wa Kituo alinikabidhi meza, glovu na amri moja: "Hakuna mzigo unaopanda meli bila kufunguliwa." Niliitikia kwa sauti, kisha kutwa nzima nikawapitisha wazee bila kugusa vitu vyao. Mtu akishakuuliza hali ya mama yako, utamwambiaje afungue mkoba? Ndivyo tulivyolelewa Pemba.

Baadaye serikali ilishirikiana na nchi za nje kutufunza kuzuia ugaidi. Zoezi la mwisho lilifanyika Gombani, uwanjani, abiria wakiwa watu wa kuigiza. Akatokea mzee wa kanzu na pakacha la ndizi. Nikamwamkia, nikampitisha. Mkufunzi wetu, mwanamke wa ng'ambo aliyekisema Kiswahili vizuri kuliko nilivyotaka siku ile, akapuliza filimbi. Chini ya ndizi akatoa boksi jekundu, bomu la bandia.

"Meli imeshalipuka," alisema. "Umemheshimu mmoja, umewaua wote."

Niliona haya, na hasira pia. Mkuu wa Kituo naye hakuzunguka mbuyu: "Ukirudia, Asha, meza hiyo huioni tena."

Wiki ileile aliyefika mezani kwangu ni Maalim Hamadi, aliyenisomesha Kurani tangu alifu. Alikuwa na pakacha la mihogo, anampelekea bintiye Unguja.

"Shikamoo, Maalim. Naomba ufungue."

"Ati weye, Asha, wanshuku miye?"

"Sikushuku, Maalim. Lakini nikikupitisha weye, kesho atakuja mwengine na kanzu kama yako."

Nikalivuta pakacha karibu yangu. Alifungua. Ilikuwa mihogo mitupu. Tangu hapo akawa ananijibu salamu kwa kuwa ni faradhi tu, na nyumbani watu wakanisema. Iliniuma, sifichi. Sikuacha kukagua hata siku moja.

Siku wanawe Maalim walipomleta mgonjwa, amekalia kiti cha magurudumu, anakwenda hospitali Unguja, mkaguzi mwenzangu aliwaashiria wapite. Maalim akawazuia kwa mkono.

"Fungueni hiyo mikoba. Asha hajaona."

Niliikagua yote, machozi yakinidondokea kwenye glovu. Hakurudi hai.

Sasa nimestaafu. Juzi nilisafiri, na binti niliyemfundisha kazi mwenyewe akanipungia mkono: "Pita tu, Bi Asha, nani asiyekujua?"

Nikauweka mkoba mezani, nikaufungua.

"Kagua," nikamwambia. "Maalim alifungua."