Zamu Yangu ya Kupika

Hadi leo mtu akinisifia mapishi, natamani kumpokonya sahani.

Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, mkufunzi wetu wa sayansi aliondoka nao, na madarasa yake nikapewa mimi. Kwa muda tu, mkuu wa chuo aliniambia. Muda huo ukapita mwaka. Nilifundisha umeme, mimea na mwili wa binadamu kwa vijana waliokuja Arua kusomea ualimu, huku cheo changu kikiwa kile kile cha msaidizi. Nafasi ilipotangazwa hatimaye, niliomba. Niliitaka kazi ile, sina haja ya kujifanya.

Sasa, chuoni kwetu bodi ilipokutana, walimu wanawake walipika kwa zamu. Siku ya usaili mbele ya bodi ikaangukia zamu yangu. Nilimwomba mkuu anibadilishie, akashangaa kweli kweli. Alisema wazee wa bodi wanaipenda kisra yangu, ile mikate myembamba ya kwetu Koboko, na kwamba itanisaidia. Itanisaidia! Utadhani nilikuwa natafuta mume.

Basi nikapika. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni, moshi machoni, gauni la usaili likining'inia kwenye msumari. Mwombaji mwenzangu, kijana mmoja mgeni, alikaa kivulini akipitia vitabu vyake. Nilipoitwa nikanawa, nikabadili nguo, nikaingia. Nilikuwa katikati ya kueleza namna ya kufundisha mzunguko wa damu bila vifaa, mwenyekiti, tajiri wa malori yaliyopita mpakani Vurra kwenda Kongo, akainua mkono.

"Mwalimu, kule jikoni nani iko naangalia nyama?"

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la kweli. Nikamjibu kwamba nyama iko salama, na nilipotaka kuendelea nikaambiwa inatosha.

Walikula mpaka wakalamba vidole. Kisha mkuu akanifuata kwenye masufuria kuniambia kazi wamempa yule kijana. Kijana alijibu kwa utulivu, mkuu alisema, ila mimi nilionekana kama mtu ambaye mawazo yake hayapo pale. Nilikuwa nimewekwa jikoni na wao wenyewe, halafu nikahukumiwa kwa kuwa jikoni.

Wiki iliyofuata, kijana akiwa bado hajahamia, mwenyekiti alikuja mpaka mlangoni mwa darasa langu, mpole kama mkwe. Walitaka kumkaribisha mkufunzi mpya kwa karamu.

"Pika ile kisra yako, mama. Hapa hakuna mutu napika kama wewe."

"Zamu yangu ilikwisha siku ile, mzee," nilimwambia. "Sasa iko saa ya kufundisha."

Akabaki amesimama pale pale. Nikageukia ubao, nikaendelea na mzunguko wa damu kuanzia pale aliponikatiza, naye akausikia wote mpaka mwisho.