Mama Jessica na Tonge la Mchana

Germaine, ambaye wote walimwita Mama Jessica, alivuka kutoka Kongo akiwa msichana, akaolewa na Kabaso huko Nchelenge, upande wa Zambia, akawa muuza chisense, wale samaki wadogo wakavu. Alipofika miaka arobaini, mwili ulikuwa umenenepa hadi kumlemea. Alilala amekaa kitini kwa kukosa pumzi, sukari ilimpanda, na kidonda cha mguuni kilikataa kufunga.

Daktari wa Lusaka hakumficha kitu. Wangekata sehemu kubwa ya tumbo la chakula ili apungue. Sukari ingeweza kushuka na pumzi kurudi. Lakini mshono huweza kuvuja, damu huweza kuganda, na wapo wanaokufa. Akipona, atakula kidogo kidogo na kumeza vitamini maisha yake yote.

"Usiende," Kabaso alimwambia. "Batoto bataniuliza mama iko wapi."

"Papa Jessica, mu hii kiti njo minakufia."

Akaenda, akarudi mzima. Kidonda kilifunga, akalala kitandani kama watu. Mwaka haukuisha, nguo zote zikampwaya.

Hapo wateja wakaanza kumkwepa. Mwenya, jirani yake wa meza sokoni, akamvuta pembeni. "Dada, batu banasema uko na bugonjwa. Kula basi, bakuone."

Akala. Kila mchana alimeza matonge ya bukari, ugali wa kwao, mbele ya watu, kisha akaenda nyuma ya vyoo kuyatapika, maana tumbo lililokatwa halikuyabeba. Hata vitamini hazikukaa tumboni. Kabaso hakuambiwa, si ndiye aliyemkataza?

Asubuhi moja alishuka kitandani, miguu ikakataa. Akaanguka. Alipomtazama mumewe, aliwaona wawili.

"Sema kweli," Kabaso alisema, amemshika mabegani. "Unafanya nini?"

"Minatapika. Wiki mingi sasa. Nilisikia haya kukuambia."

Hospitalini muuguzi aliyeitwa Towela aliposikia habari ya upasuaji na kutapika, alimwita daktari, wakamtia vitamini kwa mshipa siku ileile. Macho yalirudi. Miguu ilirudi nusu tu.

Sukari yake haijapanda tena. Anapumua vizuri, ila hafiki sokoni. Kabaso ndiye anayeuza sasa. Kila akirudi, mkewe humuuliza kama wateja wamemtaja.

"Banakusalimia," hujibu, akivua viatu.

Hakuna mteja aliyemtumia mkewe salamu tangu mvua zianze.