Parsele Isiyotaka Kilio

Watu wa tambarare ya Ruzizi wanapima umbali kwa macho. Kule Luberizi, mtu akionekana mkubwa yuko karibu, akionekana mdogo yuko mbali, na kati yenu hakuna kitu ila mpunga. Eulalie alikuja Bukavu na kipimo hicho. Alisimama kwenye mlango wa hospitali ambako mama yake angefanyishwa mazoezi ya mguu, akainua macho, akaona mabati ya Kadutu yameegemea mlima, makubwa, yanang'aa kwa jua la saa nne. Akasema moyoni: pale. Akapanga pale.

Eulalie ni mwalimu wa darasa la pili. Chumba chake cha darasa na changu vinagawana ukuta mmoja. Ni mjane, hakupata mtoto, amebaki na mama tu. Maman Mélanie alilima mpunga maisha yake yote, mpaka alipoanguka shambani na upande wake wa kushoto ukakataa kumsikiliza. Daktari alisema mguu unaweza kurudi, kwa sharti moja: mazoezi hospitalini kila juma, na siku nyingine zote atembee, kwa miguu yake mwenyewe. Akikaa kitako, mguu utalala moja kwa moja. Kwa ajili ya mguu huo Eulalie aliomba kuhamishwa, akaacha shule aliyoipenda na nyumba ya marehemu baba yake.

Lakini kati ya nyumba ya Kadutu na barabara kulikuwa na mteremko ambao macho hayakuuona. Ngazi zilichongwa kwenye udongo mtupu. Nyingine zimeshikiliwa na mifuko ya mchanga, nyingine mvua imekwisha kuzila. Bati la mmoja linaishia pale unapoanzia msingi wa mwingine. Sijui ni nani anayeruhusu watu wajenge hivyo, wala anapewa nini ili asione. Ninalojua ni kwamba kila mvua kubwa tunazika watu wa mlima ule, tunalia, tunaimba, na kabla machozi hayajakauka viwanja vya palepale vinauzwa tena.

Maman Mélanie hakuweza kushuka. Siku za mazoezi alibebwa mgongoni na wabeba-mizigo wa soko, vijana wenye huruma lakini wenye haraka.

"Eulalie, leo bamenishusha sawa mufuko ya unga," alimwambia binti yake. "Juma ijayo batanipima na kilo."

Alicheka peke yake. Siku nyingine alikaa mlangoni akitazama ziwa la mji kule chini, lisilomsaidia kitu, na mguu ukaanza tena kuwa baridi. Daktari aliupapasa, akamgeukia Eulalie, akauliza tu ni nani aliyemchagulia mgonjwa huyu nyumba.

Ndipo Eulalie alipoanza kutafuta upya. Alimpata Glody, komisionere, mmoja wa wale vijana wanaojua kila nyumba iliyo wazi mjini na wanaoishi kwa kuwatembeza wapangaji. Safari hii Eulalie hakuamini macho. Kila nyumba aliyotajiwa aliiendea kutoka mlango wa hospitali kwa miguu, polepole, akiburuza mguu wa kushoto kama mama yake, mpaka Glody akaona haya.

"Maman, batu banatuangalia. Batasema nilikupiga."

"Baangalie. Wewe endelea."

Mtaa wa Nyamugo aliukataa: nyumba zimebanana hivi kwamba moto ukianza, mwenye kuchechemea ndiye atakayebaki ndani. Mtaa wa Panzi ulimpendeza, ila alipoburuza mguu kutoka hospitali mpaka kule alifika jasho likimtiririka, na kiatu kimebaki topeni. Alipouliza habari za Muhumba, Glody alicheka kwa adabu: kule nyumba zinangoja watu wa mashirika ya misaada, na bei yake imeandikwa kwa ajili yao. Mji mzima ni wetu, kumbe mahali penye usawa wamewekewa wengine.

Ikabaki Nguba. Kando ya barabara iliyonyooka palikuwa na vyumba viwili, ndani ya parsele, kiwanja kilichozungushiwa ukuta, mali ya Papa Télesphore, mfanyabiashara wa mabati na simenti. Hapakuwa na ngazi hata moja. Eulalie aliburuza mguu mpaka kwenye portail, lango la kuingilia, akafika bila kuhema.

"Maman, nisikie," Glody akamwambia. "Usiseme habari ya mugonjwa. Ingia kwanza. Muzee tutamuleta kisha, pole pole."

"Mama yangu si chupa ya pombe ya kanyanga, nimufiche."

Jumamosi tukaenda wote: Eulalie, mama yake, aliyeshushwa mgongoni mpaka barabarani, na fimbo yake, Glody, na mimi niliyeombwa kusindikiza. Papa Télesphore alitupokea barazani. Alimtazama Eulalie, akatazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu amechelewa.

"Bwana yako iko wapi?"

"Alikufa, papa."

"Pole. Na kaka? Baba mudogo? Mwanaume wa kusema naye?"

"Sema na mimi. Njo mimi nitakala, njo mimi nitalipa."

Akamgeukia Glody. "Wewe uliniambia ni familia."

"Ni familia, papa. Maman na mama yake."

Macho yake yakashuka polepole kwenye mguu wa Maman Mélanie. "Huyu iko na ugonjwa gani?" akamuuliza Eulalie, kama mtu anayeulizia kiti kilichovunjika.

"Niulize mimi," akasema Maman Mélanie. "Muguu njo iliregea. Mudomo iko muzima."

Papa Télesphore hakutabasamu. "Basi tusifichane. Akifa hapa, kilio mutafanyia wapi?"

Kwetu, mtu akifa, kilio kinakaa katika parsele alimokuwa akiishi. Turubai linafungwa, viti vinapangwa, moto unawashwa uani, kwaya ya parokia inakuja, ndugu wa kijijini wanalala pale mpaka wamalize huzuni yao. Ni haki ya mwisho ya maskini: kuliliwa mlangoni pake. Na siku hizi wenye nyumba hawaitaki. Wanawaepuka wazee na wagonjwa, ila hawasemi. Wanasema tu kwamba nyumba imekwisha kupata mtu. Huyu angalau alisema.

"Wapangaji yangu ni batu ba bureau, ba kazi ya ofisi," akaendelea. "Hapa hatufanyaka kilio. Hata mama yangu, alipozidiwa, nilimupeleka Kavumu kwa dada yangu. Tulimulilia kule. Hapa hata kiti moja haikutoka inje."

Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayesimulia jinsi alivyojenga ukuta imara. Glody aliangalia viatu vyake. Mimi nilifungua mdomo nimjibu, lakini Maman Mélanie alinitangulia.

"Na wewe, papa, utafia kwa nani?"

"Eh?"

"Nauliza tu. Parsele ni yako. Siku yako ikifika, watoto batakupeleka wapi? Kavumu?"

Glody alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nikadhani mzee ataona aibu. Hakuona. Alitoa sharti lake: Eulalie aahidi, sasa hivi, mbele ya mashahidi, kwamba mama yake akizidiwa ataondolewa, na akifa, maiti haitarudi katika parsele hii, wala kilio hakitawekwa.

Nikamwambia kwamba hakuna sheria ya nchi inayompa ruhusa ya kudai ahadi ya namna hiyo.

"Maman mwalimu," akanijibu kwa upole ulionichoma, "sheria iko ku bureau. Hapa iko portail yangu."

Eulalie alikwisha kusimama. Alimwinulia mama yake fimbo. "Tuende, mama."

"Kala."

"Mama, sitasema maneno ile."

"Kala, nakuambia. Nani alikuambia natafuta mahali ya kufia? Mimi natafuta mahali ya kutembea. Mupe neno yake."

Eulalie akaketi. Papa Télesphore akasema sentensi ya kwanza, naye akairudia. Akasema ya pili, akairudia. Mwalimu anayewafundisha watoto wetu kusoma, akirudia kama mtoto maneno ya mtu huyu, mbele ya mama yake aliye hai, mwenye masikio yanayosikia: hutaliliwa hapa. Nimewahi kuona mambo mabaya zaidi katika mji huu. Sikumbuki lililotendwa kwa sauti ya utulivu kama lile.

Wamekaa Nguba tangu msimu wa kiangazi. Kila asubuhi Maman Mélanie anatembea peke yake mpaka mlango wa hospitali na kurudi. Anapopita mbele ya baraza, Papa Télesphore akiwa na chai yake, anamwinulia fimbo na kumwita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya shamba:

"Jambo, papa! Bado!"

Mwanzoni wapangaji waliingia ndani kucheka. Sasa wanaitikia madirishani: "Bado, maman?" Naye: "Bado kabisa!" Papa Télesphore anaongeza sauti ya redio. Mguu una joto. Daktari ameridhika.

Eulalie hacheki. Juzi, wakati wa mapumziko, aliniambia kwamba ameanza tena kuzunguka na Glody baada ya masomo, mahali pa tambarare popote palipobaki. Glody anadhani amechanganyikiwa, maana akifika kwenye portail haulizi maji wala umeme. Anamsalimu mwenye nyumba, anamwambia yeye ni mjane na ana mama mgonjwa, kisha anauliza:

"Papa, hapa kwenu batu banaliliaka batu babo benye kufa?"

Wengi wanafunga portail kabla hajamaliza. Yeye anaburuza mguu mpaka nyumba inayofuata.