Ndege ya Mabawa ya Manjano

Baba alipostaafu, kitu alichotaka ni ndege ya rimoti. Mama alisema ni utoto. Mimi nilikubali haraka, na nilikuwa na sababu zangu. Mzee alikuwa bado anaendesha gari kwenye barabara ya Namanga, katikati ya malori ya mawe, na macho yake hayakuwa sawa. Habari ya daktari hakutaka hata kuisikia.

"Naona vizuri kuliko nyinyi nyote," alisema, akamimina chai nje ya kikombe.

Dukani alienda moja kwa moja kwa ndege ndogo ya kijivu, ya kivita. Muuzaji akatikisa kichwa. Anayeanza, alisema, achukue hii kubwa: mabawa mapana yaliyokaa juu ya mwili, mwendo wa polepole, na imetengenezwa na ile kitu nyepesi inayopakiwa na televisheni mpya, ndiyo ikianguka isivunjike ovyo. Ukiachilia vijiti vya rimoti, inajinyoosha yenyewe.

"Hii ni ya watoto," Baba alisema.

"Kwani ulikuwa rubani na hukutuambia?" nilimuuliza.

Alicheka, akalipa. Rangi nilichagua mimi. Ya manjano, ionekane.

Tuliirusha asubuhi, kwenye uwanda ulio mbali kidogo nyuma ya nyumba zetu Kitengela, kabla upepo haujaanza. Baba ndiye aliyeendesha gari hadi huko. Jirani yetu alikuwa anapitisha mbuzi. "Sopa, mzee," alisalimu kwa Kimaasai, akasimama kutazama.

Ndege ilipanda vizuri. Ikapinda juu ya migunga, na Baba akatabasamu hadi nikasahau kuwa nilikuja kuyapima macho yake. Halafu vidole vyake vikasimama.

"Imeenda wapi?"

Ilikuwa mbele yetu, wazi kabisa. Jirani akaionyesha kwa fimbo. Baba akatazama fimbo, akatazama anga, upande mwingine kabisa. Haki roho iliniuma.

"Achilia vijiti, Baba."

Akaachilia. Ndege ikajinyoosha, ikaendelea peke yake. Nilichukua rimoti nikaishusha vibaya, ikabiringika kwenye nyasi bila kuvunjika.

Kwa miezi nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Niliyaacha tu. Tulipolifikia gari, Baba alisimama kando ya mlango wa dereva, mkono kwenye kitasa. Kisha akazunguka, akaketi upande ule mwingine, ndege mapajani, akanipa funguo. Mimi nina jina la mama yake, na huniita mama akiwa mpole.

"Endesha, mama," alisema. "Lakini usikimbize."