Nilifunga brake pad za racing nikidhani joto la Garissa litazitosha

Wakuu, asalaam aleikum. Na nyinyi mnaosoma nyuzi bila kujibu salamu, nawaona pia.

Hii stori nimeikalia miezi kadhaa kwa sababu ya aibu. Leo naitoa jinsi ilivyo. Kama kuna chumvi humu ndani basi ni ya jasho, maana niko Garissa na feni imezimika.

Nianze na gari. Nina kawagon ka turbo, kale kananguruma bububu hata ukienda tu kununua mkate. Majirani hapa Waberi wanajua sauti yake kuliko wanavyojua jina langu.

Siku za kazi inabeba maziwa ya ngamia. Ndiyo, chekeni, nawasubiri.

Halafu mara chache kwa mwaka naenda nayo track day, siku ya kukimbiza magari uwanjani, kule chini Kenya. (Sisi wa huku tukivuka daraja la Tana tunasema tunaenda Kenya. Msinianzie siasa, si uzi wa siasa huu.)

Maziwa yenyewe ni biashara ya Habaryar Halima. Habaryar kwa Kisomali ni dada ya mama. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na huyu ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa hayo hayo maziwa. Kila siku baada ya swala ya alfajiri tunatoka mjini, tunaelekea upande wa Balambala kuchukua maziwa kwa wafugaji, tunarudi kabla jua halijakasirika. Yeye anakaa mbele, tusbihi mkononi. Mitungi inakaa nyuma.

Kwa hivyo mnaelewa. Gari ni moja, na abiria wangu wa kila siku ndiye mtu ninayempenda kuliko wote waliobaki duniani.

Sasa, track day ya mwisho nilipata fedheha. Nilikuwa na pad za kawaida. Raundi tatu za kwanza nilijiona bingwa. Ya nne, naingia kona, nakanyaga breki, pedali inazama kama nimekanyaga uji. Nikatoka nje ya track, nikalala kwenye nyasi, watu wanapiga video.

Nikaapa. Lazima ninunue pad za racing, zile zenyewe.

Nikaenda kwa muuza spea mmoja mjini Nairobi. Jamaa, na hapa namtetea kabisa, aliniambia ukweli: "Boss, hizi ni za track. Zikiwa baridi hazishiki. Zinataka joto."

Wakuu, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika kaunta.

"Joto? Ndugu yangu, mimi natoka Garissa!"

Akazifunga kwenye karatasi. Sijui kama alidhani natania.

Nikarudi nyumbani nikawaeleza vijana wa maskani. Hakuna hata mmoja aliyepinga. Mmoja akasema huku kwetu hata jiwe linapikwa na jua, sembuse pad. Mwingine akasema watu wa Limuru ndio wenye shida ya baridi, sisi Mungu ametupunguzia kazi. Tukapiga jeki hapo hapo kivulini, tukafunga pad mpya mbele na nyuma, tukanywa chai.

Fundi wangu, Mutua, alikuwa amesafiri kwao. Angekuwepo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Jioni nikazunguka mtaani kujaribu. Pedali ilikuwa ngumu kidogo na pad zinapiga kelele. Nikasema ni upya, zitazoea.

Kesho yake alfajiri tukatoka, mimi na Habaryar. Kuna kaubaridi saa hizo, hata huku, watu wa bara hawaamini. Lami imenyooka, hakuna gari, sijagusa breki ya maana tangu nitoke getini. Niko spidi ambayo sitaiandika hapa kwa sababu binamu zangu wanasoma.

Nikaona ndama wa ngamia amesimama katikati ya barabara.

Nikakanyaga breki.

Wakuu, hakuna kilichotokea. Pedali ngumu kama jiwe, na gari inaenda. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Inapungua, lakini kwa madaha, kama inafikiria kwanza. Na yule mama ngamia, aliyekuwa ameshavuka, akageuka kumrudia mtoto wake.

Kwa wasiojua: ngamia ana miguu mirefu. Ukimgonga na gari ndogo, unakata miguu na mwili wote unaingia kwa kioo, juu yenu nyinyi mlio mbele. Kila dereva wa huku anajua jina la mtu aliyekufa hivyo.

Nikavuta usukani. Tukatoka barabarani, tukapita kwenye mchanga na miiba, mitungi mitupu ikaruka hadi mbele, na tukasimama tumeegemea kichaka. Nyuma yetu ngamia walikuwa wazima, mama na mtoto, wanatutazama.

Habaryar alikuwa amefunga mkanda, alhamdulillah. Bega lilimuuma wiki mbili. Shanga za tusbihi zilikuwa zimetawanyika miguuni pake.

Mchungaji akaja mbio na fimbo. Nilijua nitatukanwa, na nilistahili. Mzee huyo akaangalia ngamia wake, akamwangalia Habaryar, akafungua kibuyu chake akampa maziwa anywe. Mimi hakunipa hata salamu.

Habaryar akanywa, akajipangusa, akaniambia kwa Kiswahili ili nisikie vizuri. Kisomali anakitumia kwa mapenzi, Kiswahili anakitumia kwa polisi na mimi nikikosa. P yake ni B, na "warya" ni "wewe kijana", mtamwelewa.

"Warya! Mimi habana banda hii gari tena. Wewe nataka kufa, kufa beke yako."

Na kweli hakupanda. Akaanza kwenda na lori la mifugo, amekaa juu na mbuzi, mwanamke wa umri wake. Mimi naliona likipita nje nikiwa kitandani na gari langu la mashindano limeegeshwa. Nililia wakuu, sioni haya kusema.

Mutua aliporudi nikamweleza. Hakucheka. Ilikuwa saa saba mchana, gari limeshinda juani. Akatoa gurudumu, akaniambia nishike disc, ile sahani ya chuma inayobanwa na pad.

Nikashika. Moto, nikatoa mkono haraka, lakini mkono ulikuwa mzima.

Akarudisha gurudumu, tukaenda kwenye barabara tupu nje ya mji, akaniambia niongeze spidi nipige breki kwa nguvu, tena, tena, tena. Tukasimama. Akadondosha maji kidogo kwenye disc kwa kupitia rimu. Maji yalilia chwaa yakapotea.

"Hilo ndilo joto pad yako inataka," akasema. "Lile lingine la jua ni la kukuchoma wewe."

Halafu akaniuliza swali ambalo nawaachia nyinyi pia: katika hizi breki zako zote za mwaka, ni ipi ambayo ukikosa unakufa? Nikafikiria kona ya track. Akakataa. Track, akasema, kuna nyasi na watu wa kukuokota. Breki yako ya hatari ni ile ya kwanza ya asubuhi, pad ikiwa baridi na mama yako amekaa hapo kando.

Kwa hivyo tulichofanya ni hiki. Kwa barabara nilichukua pad za kiwango cha kati, zinazoshika vizuri zikiwa baridi na zinavumilia joto kuliko zile za kawaida. Kwa track nikabaki na zile za racing, kwenye boksi lao, za kufungwa nikifika uwanjani na kutolewa kabla ya kurudi nyumbani. Najua kuna mtu ataniambia kuna pad za kufanya kazi zote mbili. Zipo, lakini kwangu mimi zingekuwa nusu hapa na nusu pale, na hiyo nusu nyingine nimeshaiona ikinitazama katikati ya lami.

Tukabadilisha pia mafuta ya breki, maana Mutua alisema ile pedali ya uji kwenye track huenda ilikuwa mafuta ya zamani yaliyochemka, si pad peke yake. Akasafisha disc. Na pad mpya akazizoesha taratibu: unapiga breki mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha unaendesha polepole zipoe. Mimi na wale vijana wangu tulipiga jeki tu, tukafunga, tukanywa chai.

Gari likawa tayari. Habaryar bado.

Nikamwomba siku tatu. Ya nne akakubali, kwa sharti. Gari lilale usiku kucha, nisiliwashe kabisa. Asubuhi, breki ya kwanza kabisa, nije kwa spidi na nisimame kabla ya leso yake, ambayo ataitandika barabarani pale anapotaka yeye.

Yaani mama ambaye hajawahi kushika usukani alikuwa ameelewa kitu ambacho mimi na maskani nzima tulikikosa.

Akatandika leso, akasimama pembeni. Mutua akasimama upande wa pili kuangalia kama kuna gari linakuja. Nikaja. Nikakanyaga.

Gari likashika chini, likasimama. Kati ya bampa na leso mtu angeweza kuswali.

Habaryar akaikagua leso kama kuna alama ya gurudumu. Akaikung'uta vumbi, akajifunga. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa katikati ya mitungi.

Nikasema sawa, nyuma pia ni ndani.

Mwezi mzima alikaa nyuma. Kwa kioo nilikuwa namwona kila nikikaribia mifugo, mkono unashika kiti changu. Katikati ya huo mwezi nilienda track, nikafunga zile za racing, nikamaliza raundi zangu zote na pedali iko juu. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Lakini usiku huo huo nilizitoa huko huko kabla sijalala.

Jumatatu iliyopita nikakuta amekaa mbele. Nikaingia, nikawasha gari.

Tulipokuwa tunarudi na maziwa, ngamia kumi hivi wakakata barabara mbele yetu. Nikapiga breki. Mitungi ikasogea kidogo, gari likasimama. Nikageuka nimtulize, nimeshaandaa maneno.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, tusbihi imeangukia mapajani.

Nikazima injini nikangoja wavuke wote, hata yule wa mwisho aliyekuwa anatafuna bila haraka.

Basi wakuu, ushauri wangu ni mmoja: kabla hujauliza pad gani ina nguvu, uliza ni nani anakaa kando yako asubuhi gari likiwa baridi. Mkikuta dosari kwa jinsi tulivyofanya, mimi na Mutua tutasoma bila kununa. Na mwenye uzoefu wa kuweka seti mbili aniambie disc zake zinaishaje, maana zangu naona zimeanza mistari.

Naishia hapo. Habaryar yuko nje anapiga honi, na honi ya gari langu inafikiwa ukiwa umekaa mbele.