Nilisomea mtihani badala ya kazi, na dawa za Opala zikabaki depo

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Haya yamenikuta mimi, na sitaficha hata pale nilipokuwa mjinga.

Mwaka jana depo moja ya dawa hapa mjini ilinipa kazi ya business analyst. Yaani unawauliza watu wanahitaji nini, unaandika, halafu mafundi wa programu wanajenga.

Sikuwahi kuifanya. Nikauliza kwenye grupu moja la mtandaoni: anayeanza asome nini?

Wakanimwagia. Kitabu kinene cha kuandaa mtihani wa cheti. Video zisizoisha. Templeti za kujaza tu. Hakuna aliyeniuliza nitamfanyia kazi nani.

Miezi mitatu nikakariri vifupisho. Nikatoa cahier des charges, ile hati ya mahitaji, kurasa themanini zenye mishale ya rangi. Chef, yaani bosi wangu, akanisifu mbele ya wenzangu.

Humo niliweka sharti: katoni haitoki depo mpaka muuguzi athibitishe oda mtandaoni. Nililikopi kwenye templeti. Sikumuuliza muuguzi hata mmoja.

Mfumo ukaanza. Oda ya kituo kimoja cha upande wa Opala haikuthibitishwa. Boti ikaondoka, katoni zikabaki.

Wiki kadhaa baadaye muuguzi wa kituo hicho, Mama Béatrice, akaingia ofisini. Alikuwa amepanda boti mwenyewe kufuata dawa. Za malaria zilikuwa zimemwishia, ikabidi achague mtoto yupi apewe za mwisho. Mmoja aliyekosa walimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Amepona, ila sikio moja halisikii tena.

Hakupaza sauti.

"Mutoto yangu, ulikuya kwetu kuniuliza siku gani? Réseau ya simu kwetu iko mara moja kwa juma. Weye uliandika tu."



Nikaeleza yote kule kwenye grupu. Yule aliyenipa kitabu akajibu kwamba hati yangu ilikuwa sahihi, shida ni watumiaji hawakupewa formation, yaani mafunzo. Wakuu, mtoto hasikii sikio moja, na mtu anatetea templeti!

Siku hiyohiyo aliyokuja niliwaambia mafundi wafute lile sharti. Nikapanda boti na Mama Béatrice na katoni zake, nikakaa kituoni kwake siku nne na daftari. Nilijifunza mengi kuliko miezi yote ile. Sasa oda inakuja kwa karatasi, mkononi mwa nahodha, sisi ndio tunaiingiza kwenye mfumo.

Kwa hiyo wewe unayeanza: tafuta kitu chembamba kinachofundisha kuuliza na kusikiliza. Kama sura ya kwanza haikuinui kitini uende kwa watu, kifunge. Cheti utakifuata baadaye.

Nyie mlianza na nini? Tajeni. Ila ukinitajia kitabu, sema pia ulikitumia kwenye kazi gani, na ulipokosea aliumia nani.