Ukurasa wa Wanachama

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mchapaji katika ofisi ya mradi mmoja wa mpunga pale Ifakara. Tulikuwa na kompyuta mbili, moja imeunganishwa na waya wa simu. Mvua ikinyesha kwa nguvu simu ilikatika, na intaneti ikaenda nayo. Kazi yangu ilikuwa kuchapa habari za wakulima, zikawekwe kwenye tovuti ya mradi ili wafadhili wazisome.

Mmoja wa wakulima hao alikuwa baba yangu mkubwa, aliyelima Lupiro, ng'ambo ya mto. Siku watu wa mradi walipokwenda kumpiga picha, alichinja jogoo, mama mkubwa akapika wali wa mchele mpya, wakala wote mpaka dereva. Baba mkubwa akaingia ndani akatoka na koti lake la ndoa. Mpiga picha akamwambia alivue, ashike jembe, asimame mbele ya banda la kuku. Alikuwa mtu wa kuwasikiliza wageni. Akalivua.

Masika iliyofuata homa ikamchukua. Tulipotafuta picha yake ya kutundika ndani, hatukupata hata moja. Nikamwambia mama mkubwa kwamba ipo kwenye kompyuta ya ofisini, aje nimwonyeshe.

Alikuja amefunga kitenge cha kanisani, kwa baiskeli mpaka kivukoni, akavuka mto, akapanda gari mpaka mjini. Nikafungua tovuti. Menyu iliyokuwa na sehemu ya wakulima ilikuwa imefupishwa. Nilichoona ni ukurasa wa mbele, jina la mradi, na kisanduku kinachodai neno la siri. Wiki ile mkuu wa mradi alikuwa amemwagiza fundi wa Dar es Salaam afunge kurasa zote za ndani. Asiye mwanachama haoni hata kwamba zipo. Mimi niliyezichapa sikupewa hilo neno.

Nikamwacha mama mkubwa kwenye benchi la barazani, nikaingia kwa mkuu. Alikuwa ametoka kula nyama choma, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Nikamweleza kwamba mjane wa yule mzee wa Lupiro amekuja kuona picha ya mumewe.

"Zile ni za wanachama," akasema.

Nikasema ni mke wake wa ndoa.

"Mwanachama ni mtu mwenye neno la siri. Analo?" Akaitazama ncha ya njiti, akairudisha mdomoni, akacheka.

Nilitoka nikamwomba mama mkubwa asubiri, nikasema mtambo unasumbua. Nisingeweza kumwambia maneno yale.

Mchana wakaja wageni wawili wa wafadhili. Mkuu aliyekuwa akisinzia sasa alikuwa anakimbia huku na huko akifuta viti. Akaketi kwenye kompyuta, akaandika neno lake, menyu ikarefuka palepale. Akaanza kuwaonyesha wakulima wetu mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mnada. Nilipoona jina la Lupiro, sikuomba ruhusa. Nilikwenda barazani nikamshika mama mkubwa mkono, nikamwingiza.

Akawasalimu wote. Picha ilikuwa inajifungua taratibu kutoka juu: paa la banda, nywele, paji la uso, kisha macho. Mama mkubwa akasogea karibu.

"Ndiye," akasema kwa sauti ndogo.

Kisha akauliza maandishi yaliyo chini yanasemaje, kwa kuwa yalikuwa ya Kiingereza. Mkuu akajibu kwamba ni maelezo tu. Mama mkubwa akanigeukia mimi. "Nisomee, mwanangu."

Hayakuwa niliyoyachapa. Mimi niliandika mashamba yake na aina za mpunga alizopanda. Nikasoma yaliyokuwepo: mkulima fukara, ambaye familia yake haina hakika ya kula kesho.

Mkuu akawanong'oneza wageni kwamba huyu ndiye mjane. Wakasikitika kwa adabu, wakasema achapiwe nakala aende nayo. Mkuu akaiwasha printa haraka, uso umemchangamka.

"Msihangaike," mama mkubwa akasema. "Siwezi kutundika kwangu mtu aliyeitwa fukara na watu aliowalisha."

Sikuona mtu akiwatafsiria wageni. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Njiani hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu kama mshahara wangu nalipwa na watu walewale. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Baadaye nilimpigia fundi wa Dar es Salaam nikamweleza yote. Aliona aibu. Alinitumia kwa basi picha iliyosafishwa vizuri, bila neno hata moja chini yake, nami nikaipeleka Lupiro mwenyewe. Mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili.

Mkuu naye hakuiacha fursa ipite. Miezi michache baadaye alinipa habari ya kuchapa: mjane wa kijijini aliyelia machozi ya furaha alipoona maajabu ya teknolojia. Nilikataa, akaichapa mwenyewe, kwa vidole viwili. Hiyo aliiweka ukurasa wa mbele, ili yeyote aisome.